Ukumbi wa shemeji au uwanja wa wazi?

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu lisitoke, maana Moshi ni ndogo na mtu wa kikundi chetu akisoma hata nusu ya barua hii atajua ni nani kaandika. Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, na ni katibu wa kikundi cha akina mama wa kazi za mikono. Tuko 22. Tulianza na kikoba tu, kuweka na kukopeshana, baadaye mwenzetu mmoja akatufundisha batiki, ndipo tukagundua kumbe kila mmoja ana ufundi wake. Wapo wa vikapu, wapo wa shanga, wapo wa sabuni na mishumaa. Mmoja mume wake anachonga vinyago. Mwingine anafinyanga vyungu, alijifunza kwa mama yake huko Upareni.

Kila Desemba tunafanya gulio la Krismasi, siku mbili. Unajua Uchagani ilivyo mwezi huo. Watu wanarudi kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, hata Ulaya. Mjini hakuna pa kuegesha gari, na kila aliyerudi anaona aibu kupanda mlimani kwa mama yake mikono mitupu. Tukiuza vizuri siku hizo mbili tunapata kuliko miezi minne ya kawaida.

Mwaka jana tulifanya uwanjani, kando ya barabara. Tulilipa ushuru, tukakodi maturubai matatu, meza tukaazima kanisani. Siku ya kwanza sijawahi kuona watu vile, hadi vikapu viliisha na mwenzetu akaenda nyumbani kuchukua vyake mwenyewe vya kwendea sokoni. Siku ya pili, saa tisa alasiri, wingu likashuka kutoka mlimani na mvua ikapiga kama dakika arobaini. Maturubai hayakuwa na kuta, maji yalikuja kwa ubavuni. Mama mmoja mjane alikuwa ametundika batiki zake kwenye kamba pembeni kabisa ili zionekane barabarani. Vipande 26. Rangi zikachuja, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe, zikawa kama matambara ya gereji. Alikuwa amekopa 400,000 kwenye kikoba chetu anunue kitambaa, nta na rangi. Hakulia. Alivikunja vile vitambaa vikiwa vimelowa, akavitia kwenye beseni, akapanda bodaboda. Mkopo amemaliza kuulipa mwezi wa nane. Na mimi ndiye niliyempangia pale pembeni.

Mwaka huu mwenyekiti wetu, mama mtu mzima tunayemheshimu, amesema ni ukumbini, basi. Mabinti wa shanga na wa sabuni wanasema tukiingia ukumbini tumekufa, nani atatuona? Nimepiga hesabu. Uwanja, na maturubai yenye kuta, mlinzi wa usiku na kibali, ni kama 900,000 kwa siku mbili. Kumbi za Desemba ni 1,500,000 kwa siku moja, hatuwezi. Ila upo ukumbi mmoja wa laki tano kwa siku, yaani milioni moja kwa siku zote mbili. Ukigawa kwa watu 22 tofauti haifiki hata 5,000 kwa mtu.

Huo ukumbi ni wa kaka mkubwa wa mume wangu. Aliposikia alisema, "Shemeji, leta akina mama wako, nipe laki tano tano. Tarehe tutaiangalia, si unajua Desemba ni ya harusi." Vinywaji ni vya ukumbi, hakuna kuingiza vya nje. Mume wangu alimshukuru palepale. Krismasi tunakutana wote Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba mkwe, meza moja. Nikikataa, mume wangu anasema nitakuwa nimemdharau kaka yake.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kwenye kikao cha mwezi uliopita nilisoma bei za kumbi tatu, na huu nikausoma kama mwingine tu. Sikusema ni wa nani. Wengi hawajui. Wakijua baadaye watasema nimekula cha juu, na sijala hata senti. Na tukienda uwanjani mvua ikanyesha tena, nitamtazamaje yule mama?

Kianzio kinatakiwa mwisho wa mwezi. Nisaidie Mama, ni ukumbini au uwanjani?

Katibu asiyelala, Moshi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nimeliona lile beseni. Nimeuza vitenge kwa meza miaka kumi na moja kabla sijaanza kujibu barua za watu, na najua mtu anayekunja mali iliyolowa bila kusema neno amefika wapi. Kwa hiyo kama umekaa mwaka mzima na picha ile, sishangai, na sitaki uione kama udhaifu.

Kama nimekuelewa, gharama zinakaribiana kiasi kwamba pesa haiwezi kuwaamulia. Ukumbi una paa, na una shemeji. Uwanja una wapita njia, na una mawingu. Mwenyekiti anaogopa maji, mabinti wanaogopa kukaa siku mbili wakitazamana wao kwa wao, na wewe unaogopa yote hayo pamoja na meza ya Kibosho. Nitaanza na mvua, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua yako, ingawa sidhani kama ndiyo kubwa kuliko yote.

Vuli kwenu huanza Oktoba na kuishia Desemba. Gulio lolote la kabla ya Krismasi linakaa kwenye mkia wa msimu huo, na hakuna wa kukuhakikishia jua. Ipo miaka ya kuogopa kweli: mwaka wa El Niño kama 2023, kutundika kitambaa nje ni kamari. Ipo mingine ambayo Desemba huwa vumbi tupu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, na utabiri wa siku chache kadiri tarehe inavyokaribia. Huo wa karibu ndio wa maana kwenu, ila utafika wakati kianzio mmeshalipa. Kwa hiyo swali la mvua mtalijibu nusu gizani, mpende msipende.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Siku ya kwanza, uwanjani, vikapu viliisha hadi mtu akarudi nyumbani kuchukua vingine. Siku ya pili mvua ilinyesha dakika arobaini, saa tisa. Unapokumbuka gulio la mwaka jana unakumbuka zile dakika arobaini tu. Ni kawaida, na mimi ningekuwa hivyo hivyo. Ninachokuuliza ni hiki: kilichowaumiza ni uwanja, au ni maturubai yasiyo na kuta na kamba iliyofungwa nje ya turubai? Maana mwaka huu hesabu yako ya uwanja tayari ina kuta. Uwanja mnaoubishania sasa si ule wa mwaka jana.

Na kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa upole, kwa sababu anayehusika ameshaumia. Batiki ikishachemshwa nta ikatoka, ikafuliwa mpaka maji yakawa meupe, mvua ya dakika arobaini haiiharibu. Italowa, itaanikwa, itapigwa pasi. Iliyochuja pale uwanjani ingechuja pia Januari kwenye beseni la mteja huko Tabata, pamoja na shati jeupe la mume wake. Simlaumu mama yule. Alikuwa na mkopo na Krismasi inamkimbiza, pengine alifua mara moja badala ya tatu. Lakini kama kikundi hakijawahi kukaa kulizungumza hilo, mnaweza mkalipa milioni moja ya paa na tatizo likabaki kwenye sufuria.

Sasa ukumbi. Mwenyekiti wako hakukosea, ukumbi una mema ambayo mabinti hawayaoni, hasa wale ambao mali yao ni shanga. Mshumaa ukikaa kwenye jua la Moshi la saa saba huinama kama mzee. Kinyago kikianikwa siku mbili kinaweza kupasuka. Sabuni inatoa jasho. Usiku mnafunga mlango mnakwenda kulala, badala ya kumlipa mtu akeshe akilinda vyungu. Kuna choo, jambo ambalo likikosekana wanawake 22 wanalijua kuliko mtu yeyote. Na yule bibi aliyeletwa mjini na mjukuu wake kutoka Ujerumani atapata kiti akae, na akikaa, mjukuu atanunua.

Ila mabinti nao wameona kitu. Ukumbi wa Moshi mwezi wa Desemba, wenye pazia mlangoni na magari nje, mpita njia anajua ni harusi ya watu, au send-off, au kipaimara. Hana kadi, hakuchanga, ataingiaje? Atapita akisikitika kwamba hakualikwa. Ndugu yangu mmoja aliwahi kuuza mapazia ukumbini na watu waliishia getini kumuuliza mlinzi, "Ni ya nani leo?" Mkiingia ndani, basi kazi ya kuwavuta watu mnaihamishia kwenye bango, kwenye spika, kwenye matangazo ya kanisani Jumapili mbili kabla, na hiyo nayo ni gharama ambayo kwenye hesabu yako sijaiona. Tena taa za kumbi ni za kupendezesha bibi harusi, si kuonyesha rangi. Mnunuzi wa batiki mzoefu hubeba kitambaa hadi mlangoni akiangalie kwenye mwanga wa jua. Mtakuwa mnatembea na watu mpaka mlangoni siku nzima. Umeme ukikatika je, jenereta ni ya nani na mafuta ya nani? Simu inashika ndani, au mteja wa lipa namba atakuwa anatoka nje kutafuta mtandao, na huko nje akakumbuka ana haraka? Nenda ukasimame mle ndani saa nane mchana na simu yako mkononi kabla hujapeleka hata shilingi. Uende na binti mmoja wa shanga. Asiende mtu wa upande wako.

Halafu kuna maneno ya shemeji uliyoyaandika na kuyapita haraka: "Tarehe tutaiangalia." Mwanangu, hapo ndipo mimi niliposimama muda mrefu kuliko pote. Wewe unaniuliza kuhusu paa, na kumbe paa lenyewe halina tarehe. Wateja wenu ni wa siku chache sana. Kabla ya tarehe 20 wengi hawajafika. Tarehe 24 wameshapanda juu kila mtu kijijini kwake, mjini panabaki pakavu. Baada ya tarehe 26 ni harusi na ubarikio, na hela ya zawadi imeshakuwa hela ya michango. Mkipewa ukumbi wa bure tarehe 28 mmepewa kivuli cha kupumzikia. Na wiki mbili kabla, akitokea mwenye harusi na milioni na nusu kwa siku, shemeji atamwambia nini? Simsemi vibaya. Mfanyabiashara yeyote angepata kigugumizi.

Labda unaiona ile laki tano kama fadhila, na ndiyo maana inakuwa nzito kuikataa. Lakini harusi nyingi ni Jumamosi. Katikati ya wiki ukumbi unaweza kukaa mtupu hata Desemba. Kama tarehe mtakayopewa ni ya Jumanne na Jumatano, huenda laki tano ni bei tu, na wewe ni mteja unayejaza siku ambayo ingelala bure. Kama ni Jumamosi, hapo kweli amejikata, na deni la namna hiyo kwenye ukoo halina risiti. Mwaka kesho atataka mke wa rafiki yake aingie kikundini, au mtoto wa dada yake auze soda, nawe utashindwa kukataa. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Unayeweza kulijua ni wewe, ukimwomba kitu kidogo: tarehe na bei kwenye karatasi, na sentensi moja kuhusu itakuwaje akipata harusi. Akiandika, umepata jibu. Akicheka akasema, "Shemeji, sisi tena tuandikishane?" na hilo ni jibu.

Mume wako ameshashukuru. Kushukuru si kulipa kianzio, na kaka mtu aliyezoea kukodisha ukumbi anaijua tofauti. Zungumza na mume wako kabla ya Desemba, nyumbani kwenu, watoto wakiwa wamelala, na si njiani mkipanda Kibosho. Mweleze kwamba uamuzi ni wa watu 22, wewe ni katibu tu. Anaweza asipende. Wanaume wengi wakishashukuru mbele ya kaka zao wanaona neno limefungwa. Lakini ana njia ya kutokea isiyomvunjia heshima: kikundi kimekaa, kikundi kimeamua. Hata wazee wetu walikuwa wakijificha nyuma ya kikao.

Na hapo ndipo ilipo ngumu yenyewe, maana hicho kikao kitaamua vipi na hakijui ukumbi ni wa nani?

Sikuhukumu. Najua ilivyokuwa: uliogopa kwamba ukitaja jina, bei nzuri itageuka kuwa bei ya kushukiwa, ukaona bora ipimwe kama bei tu. Kuna mantiki ndani yake. Shida ni kwamba jina la mwenye ukumbi wa Moshi halifichiki hata wiki mbili. Kuna mtu aliolewa pale, kuna mtu anamjua mhudumu wa pale. Siku litakapotoka kwa mdomo wa mwingine, hakuna atakayekumbuka kwamba ulipunguza milioni mbili kwenye gharama. Watakumbuka ulinyamaza.

Unaweza kuanza kwa mwenyekiti, peke yake, kwa kuwa ni mtu mzima na unamheshimu. Faida ni kwamba utapata wa kusimama nawe. Hatari ni kwamba yeye anautaka ukumbi tayari, na mabinti wakija kujua mlizungumza wawili pembeni, wataona mmepanga. Unaweza kulisema mbele ya wote, mwanzo wa kikao, kabla ya soda: "Ule ukumbi wa tatu niliousoma ni wa shemeji yangu. Siku ile sikusema, nilikosea. Bei ni ile ile, mimi sipati kitu, na leo sipigi kura." Maneno kama matatu ya aibu, kisha mnaendelea. Wapo watakaonong'ona hata hivyo. Kikundi cha watu 22 kisicho na mnong'onaji sijakiona. Au unaweza kuuondoa ukumbi ule kabisa, useme haupatikani, ulale. Hiyo inakuokoa wewe na maneno, lakini inamnyima mwenyekiti paa lake kwa sababu asiyoijua, na utakuwa umeficha mara ya pili. Kila njia hapo ina mwiba wake. Wewe ndiye unayejua ni upi unaweza kutembea nao.

Kuna mseto ambao hamjautaja. Kumbi nyingi za huko zina uwanja wa magari mbele, nyingine zina na miti. Batiki, shanga na vikapu vikae nje getini vivute watu, mishumaa na vinyago ndani, na mvua ikija wa nje wanaingia ndani na mali yao. Unasikika mzuri, lakini usiupende haraka. Nani atakaa ndani? Aliyeko ndani atasema aliyeko nje amemzibia wateja, aliyeko nje atasema jua limempata yeye tu. Mkifikiria njia hiyo, nafasi zitoke kwa kura ndani ya kofia, na siku ya pili mbadilishane. Wewe usimpangie mtu tena. Najua hata hilo lingekupa nafuu.

Na vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa. Nadhani na chenu kinao. Mwaka jana mtu alipoteza vipande 26 kazini kwenu, kwenye gulio lenu, akalipa mkopo peke yake mpaka Agosti, na nyinyi mlikuwa mkipokea marejesho. Hamkuvunja katiba yoyote, najua. Lakini mkitenga 5,000 kila mmoja kabla ya gulio hili, mna 110,000 za yeyote atakayeharibikiwa, awe ukumbini au uwanjani. Italeta ubishi: sabuni isiyouzwa ni hasara au ni sabuni mbaya? Muwekeane mipaka mapema. Nimelitaja kwa sababu naona wewe unatafuta paa ili usimtazame yule mama machoni, na paa halitafanya kazi hiyo.

Ndiyo maana nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja. Umeniambia mwenyekiti anataka nini, mabinti wanataka nini, shemeji, mume. Yule mama wa batiki hujaniambia anataka wapi, wala kama mwaka huu ametengeneza chochote. Hajaulizwa?